UZI: "Alifuata nini kule?" Swali linaloua kesi za ubakaji huku kwetu Nyanda za Juu

kalamu_ya_Isimani (Iringa), mwanzisha uzi

Wakuu, kamwene. Likitokea tukio la ubakaji, iwe Mwanjelwa, Kihesa au Makambako, mazungumzo ya mtaani yanapita njia ileile. Alifuata nini kule saa ile? Alivaaje? Mbona hakupiga kelele? Mbona anasema leo wakati jambo ni la wiki iliyopita? Halafu anajitokeza mmoja na "hawa watoto wa siku hizi tunawajua". Mpaka hapo mtuhumiwa hajaulizwa hata swali moja.

Sijafungua uzi ili tuoneane huruma. Nataka maswali hayo tuyachukue moja moja, wenye taaluma watuambie sheria inasemaje, hospitali inasemaje, na swali lenyewe linaharibu nini likiulizwa mahali pasipo pake. Sharti: hakuna kutaja jina, kijiji wala shule ya mtu yeyote. Mwenye video ya tukio lolote asiilete humu, aifute.

Naanza na "hakupiga kelele". Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130(4), inasema mambo mawili ambayo wengi hawajawahi kuyasikia. La kwanza, kuingiliwa hata kidogo kunatosha kuwa kosa. La pili, dalili za kupambana, kama majeraha mwilini, si lazima ziwepo ndipo ithibitike kwamba hakuridhia. Maneno hayo yaliletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kwa hiyo anayesema "hana hata mkwaruzo, huyo alikubali" anabishana na Bunge.

NesiMzee (Mbeya)

Naongezea upande wa mwili. Mtu akishikwa na hofu kubwa, mwili una njia tatu: kupambana, kukimbia, au kuganda. Kuganda hakuchagui jasiri na mwoga. Misuli inakaza, sauti haitoki, akili inaona kila kitu lakini mkono haunyanyuki. Sweden walichapisha utafiti mwaka 2017 juu ya wanawake 298 waliofika kliniki ya waathirika wa ubakaji Stockholm. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa, na asilimia 48 kwa kiwango cha juu kabisa. Yaani aliyeweza kupiga kelele ndiye mchache, na sisi tumemfanya ndiye kipimo cha wote.

Lingine linaloniudhi ni habari ya bikira. Watu wanasubiri daktari aseme "imetoka" au "ipo" kama vile ndiyo hukumu. Utando ule hutofautiana mtu na mtu, wengine wanazaliwa nao kidogo sana, na unaweza kubaki bila alama hata baada ya kuingiliwa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitoa tamko kwamba kipimo cha bikira hakina msingi wa kisayansi na kiachwe. Daktari kutokuona jeraha maana yake ni kwamba hakuona jeraha, basi.

Sasa niseme kwa nini maswali ya mtaani yana gharama huku kwetu kuliko kwingine. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–23 uliweka maambukizi ya watu wazima nchini kwenye asilimia 4.4. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Dawa ya kukinga VVU baada ya tukio inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, halafu inamezwa siku 28 bila kuruka. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hicho mnachokiita P2, kinakubalika hadi saa 120 lakini kinafanya kazi vizuri zaidi siku ya kwanza. Kuna pia chanjo ya homa ya ini, dawa za magonjwa ya zinaa, na pepopunda kama kuna jeraha lenye uchafu. Familia inayokaa siku tatu kwenye kikao inamhoji binti alivaa nini imeshapoteza dirisha la VVU kabla ya kumaliza kubishana kuhusu sketi.

Tingatinga_la_Tunduma

Nesi sawa, ila tuseme ukweli. Kuna wanaume wapo gereza la Ruanda kwa kusingiziwa. Ugomvi wa shamba, mke mwenza, hawara aliyeachwa. Mbona hilo hamligusi?

kalamu_ya_Isimani

Litaguswa, mkuu. Nimeshamwita wakili.

Ngeleja_na_kanzu_nyeusi (Mbeya)

Nipo. Tingatinga, swali lako ni halali na nitalijibu, ila nianze na kuchelewa kuripoti kwa sababu yanahusiana.

Mahakama hailichukulii kirahisi suala la kuchelewa. Msimamo wa Mahakama ya Rufani uliozoeleka ni kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunaongeza kuaminika kwake, na ukimya *usio na maelezo* unatia shaka. Neno zito hapo ni maelezo. Mtu aliyetishiwa kuchinjwa, anayeishi nyumba moja na mtuhumiwa, au anayelipiwa ada na mtuhumiwa huyohuyo, ana maelezo. Tatizo ni kwamba askari anayeandika maelezo kituoni anaandika tarehe ya tukio na tarehe ya kuripoti, kati yake hakuna kitu. Miezi minane baadaye wakili wa utetezi anauliza "ulikuwa wapi siku 11?" na jibu halimo kwenye jalada. Kwa hiyo mkimsindikiza mtu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hakikisheni sababu ya kuchelewa imeandikwa kwa maneno yake mwenyewe kabla hajasaini.

Kuhusu ushahidi wenyewe. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani iliyoketi hapahapa Mbeya ilitoa uamuzi ambao hadi leo kila wakili wa jinai anaunukuu: ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Akiwa mtu mzima, athibitishe kuingiliwa na kutoridhia. Pale ambapo ridhaa haihesabiki, kuingiliwa. Na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake ikiridhika kuwa anasema kweli na ikiandika sababu za kuridhika. Wanaosema "hakuna shahidi aliyeona" wanadai kitu ambacho sheria haidai. Nani abake mbele ya mashahidi?

Ila, na hapa namjibu Tingatinga, mahakama hiyohiyo imerudia mara nyingi kwamba maneno ya mwathirika si msahafu. Yanapimwa: yanalingana na mazingira? Yamebadilika kati ya polisi na kizimbani? Kuna ugomvi uliotangulia? Mtuhumiwa analindwa pale, kwa maswali ya dodoso ambayo utetezi humuuliza shahidi, na kwa mzigo wa kuthibitisha ulio mabegani mwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Halindwi na kijiwe kumtukana msichana.

Tingatinga_la_Tunduma

Hapo nimekuelewa nusu. Wanaoachiwa je? Si ndiyo ushahidi kwamba walisingiziwa?

Ngeleja_na_kanzu_nyeusi

Hapana, na hili nalitilia mkazo maana ndilo linalopotosha zaidi. Mtu huachiwa kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na uongo wa yeyote. Hati ya mashtaka ilitaja kifungu kidogo kisicho sahihi. PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, ilipokelewa kama kielelezo lakini haikusomwa kwa sauti mahakamani, ikaondolewa kwenye kumbukumbu. Mshtakiwa hakuambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe. Kwa aliye chini ya miaka 18 umri ndio roho ya kesi, na mara nyingi hakuna aliyeuthibitisha: hakimu kuandika "miaka 14" juu ya jina la shahidi kabla hajaanza kutoa ushahidi si ushahidi. Anatakiwa mtu anayeujua, kama mzazi, aseme kizimbani tarehe ya kuzaliwa, au kitolewe cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rekodi za shule. Mzazi asiyefika siku ile kwa sababu kikao cha ukoo kimemwambia "yaishe" anaiacha kesi bila mguu mmoja.

Kwa takwimu za uongo, Marekani walipitia taarifa 136 zilizofikishwa chuo kikuu kimoja kwa miaka kumi. 8 ndizo zilizothibitika kuwa za uongo, asilimia 5.9. Ni kule, si Songwe. Lakini angalia njia waliyotumia: walitenganisha "imethibitika ni uongo" na "haikuthibitika". Kijiweni vyote viwili vinaitwa "alidanganya".

Ziwa_Ngosi

Naomba nieleze kwa nini hata watu wema wanaingia humo, maana si wote wanaouliza "alifuata nini kule" ni waovu.

Mwanasaikolojia Melvin Lerner alianza kulichunguza miaka ya 1960. Binadamu anapenda kuamini dunia ina haki, kila mtu anavuna alichopanda. Akiona mtu ameumizwa bila kosa, imani hiyo inatikisika, na njia nyepesi ya kuituliza ni kumtafutia kosa aliyeumia. Mama mwenye binti akisema "yule alizoea kutembea usiku" anajiambia kimoyomoyo: wangu hatembei usiku, wangu yuko salama. Ni hofu, si ukatili. Ila matokeo ni yaleyale.

La pili ni kuhukumu kwa kuwa unajua mwisho. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwapa watu kisa kimoja cha mwanamke na mwanaume, neno kwa neno, mwisho tu ndio uliotofautiana: kwa kundi moja kiliishia kwa ubakaji. Kundi hilo likasema matendo yaleyale ya mwanamke yalionyesha wazi kitakachotokea, na likamlaumu zaidi. Kupanda bodaboda saa mbili usiku kutoka Uyole ni jambo la kila siku, hakuna anayelihoji, mpaka siku dereva atende uhalifu. Hapo ghafla kila mtu "angejua".

La tatu ni namna tunavyosimulia. Niemi na Young, 2016, waligundua kwamba maelezo yakimweka mwathirika mwanzoni mwa sentensi, wasomaji humpa lawama zaidi. Yakimweka mtenda, lawama kwa mwathirika zinapungua. Sasa soma vichwa vya habari vyetu: "Binti abakwa akitoka kilabuni". Mwanaume hayumo kabisa. Jaribu "Mwanaume ambaka binti njiani" uone maswali ya wasomaji yanavyobadilika. Kwa mtuhumiwa ambaye hajahukumiwa, "mwanaume ashtakiwa kwa kumbaka binti" inatosha. Haimhukumu mtu na wala haimfichi.

Mama_Kihesa

Na pombe je? Msimu wa ulanzi ukifika, mvua zikianza, ndiyo lawama zinapozidi. "Alikunywa mwenyewe."

Ziwa_Ngosi

Dada, hilo lina utafiti wake tangu 1982 (Richardson na Campbell): mwanaume akiwa amelewa analaumiwa kidogo, mwanamke akiwa amelewa analaumiwa zaidi. Kikombe kilekile cha ulanzi, au kimpumu kwa watu wa Mbeya, kinamsafisha mmoja na kumchafua mwingine. Wakili atuambie sheria.

Ngeleja_na_kanzu_nyeusi

Kwa ufupi. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu: kulewa kwa hiari si utetezi. Kwa mwanamke, kifungu cha 130(2) kinasema waziwazi kuwa ni ubakaji hata kama ridhaa ilipatikana wakati amelevywa na mwanaume yule au na mtu mwingine. Akiwa alikunywa mwenyewe mpaka hajitambui, tunarudi kwenye msingi: hakutoa ridhaa. Usingizi si ndiyo.

Na kwa aliye chini ya miaka 18 hata "ndiyo" haihesabiki. "Ana mwili mkubwa" si utetezi wa kupigia hesabu. Kuna mwanya mmoja ambao sheria yenyewe imeuacha, nao ni wa mke aliyefikisha miaka 15 ambaye hajatengana na mumewe. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilishikilia uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya ndoa za utotoni vinakwenda kinyume na Katiba. Huo mjadala una uzi wake.

Ustawi_Makambako

Nichangie kwenye vikao vya kumalizana, maana hapo ndipo lawama inageuka kuwa bei. Kikao kikishakubali kwamba binti "naye alichangia", kinachofuata ni mbuzi, debe za mahindi au ahadi ya kumuoa. Mtendaji wa kijiji hana mamlaka ya kusuluhisha ubakaji, baraza la kata halina, ukoo hauna. Ni kosa ambalo adhabu yake kwa mtu mzima aliyelitenda ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30, na kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka kumi ni maisha moja kwa moja.

Jambo ambalo familia hazijui: kuhojiwa mara nyingi kunatengeneza "mkanganyiko". Mtoto anaulizwa na shangazi, kisha na mwalimu, kisha na jirani, kisha na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja kwa maswali yake ya kuelekeza ("alikushika hapa, eeh?"). Mtoto anajibu kumridhisha mkubwa. Utetezi ukija kukusanya matoleo manne tofauti, kazi yao imeisha. Muulize kama ameumia, wapi, na nani amefanya. Andika jibu kwa maneno yake hasa, weka saa na tarehe, acha hapo. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", andika hivyohivyo, usimtafsirie. Mahakama ya Rufani inakubali kwamba watoto wetu wamelelewa kutotaja sehemu za siri, na inaelewa maneno ya tafsida kwa mazingira yake.

Pia watoto wa kiume, tafadhali. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mvulana hapati swali la sketi, anaulizwa "wewe mwanaume gani?" au anachekwa. Kwa sheria yetu kesi yake inaenda kwa kifungu cha 154, cha makosa kinyume cha maumbile, si 130, na hospitali anahudumiwa sawasawa: saa 72 ni zilezile.

Tingatinga_la_Tunduma

Sawa. Kwa hiyo tusimseme mtuhumiwa pia? Maana picha zao zinasambazwa mpaka Kyela.

Ngeleja_na_kanzu_nyeusi

Picha ya mtuhumiwa inamsaidia mtuhumiwa, mkuu. Kama mwathirika hakumfahamu mtu huyo kabla, polisi watahitaji gwaride la utambulisho, yaani amchague mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari. Picha ikishafika kwenye simu ya mwathirika, utetezi utasema alimtambua kutoka kwenye simu, na gwaride linakosa thamani. Mpeni mpelelezi picha, msiwape majirani.

Kuhusu mwathirika, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana utolewe faragha, na inakataza vyombo vya habari kuchapisha ushahidi na mashahidi hao. Video ya mtoto ni kosa jingine kabisa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, hata kama uliisambaza "kulaani". Mwaka 2024 video ya binti aliyebakwa na kundi ilizunguka nchi nzima. Kamanda wa polisi Dodoma akaondolewa kwenye nafasi yake baada ya kauli iliyonukuliwa kumhusu binti huyo, na Septemba mwaka huohuo mahakama ikawafunga watu wanne maisha. Waliosambaza wengi wao walijiona wanamtetea.

Mama_Kihesa

Nesi, swali la mwisho kwangu. Mtu yuko Makete ndani huko, usiku, mvua, gari hakuna mpaka asubuhi. Na ameshaoga. Aende tu?

NesiMzee

Aende, ameoga au hajaoga. Kuoga kunapunguza vielelezo, hakuvimalizi, na si dalili ya kuficha kitu. Ni jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu hutaka kufanya. Ambaye hajaoga asioge, asijisafishe kwa ndani, na kama mdomo ulihusika asipige mswaki.

Aanze na zahanati iliyo karibu. Kama hawana dawa za kinga, wapige simu kituo cha afya chenye CTC, kliniki ya huduma za VVU, wajue zipo wapi kabla ya kukodi bodaboda. Dharura inatibiwa kwanza. PF3 inafuata, inatolewa polisi na hailipiwi. Kwa mtoto, simu namba 116 ni bure. Hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono ina nesi, polisi na ustawi mahali pamoja, kwa hiyo anasimulia mara moja badala ya nne. Kipimo cha VVU cha siku ile ni cha kujua hali yake kabla ya tukio. Arudi wiki ya 6 na mwezi wa 3.

Nguo za tukio zisifuliwe na zisiwekwe kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu unaota ukungu na vielelezo vinaoza. Kama zimelowa mvua zianikwe ndani, kivulini, mbali na moto. Zikikauka, kila nguo bahasha yake ya kaki; nguo ya ndani isichanganywe na sketi. Andika nje tarehe, saa na aliyeiweka. Na bahasha usiifunge kwa kulamba gundi, mate yako nayo yana DNA. Tumia selotepu.